Nilipe kocha ao niache? Neno kwa wafanyabiashara wadogo wa parokia zetu

Siku moja ya Mungu, baada ya ibada, mama mmoja wa parokia yetu alibaki kwenye benchi hadi watu wote walipotoka. Mama huyu anauza maharagwe na unga wa muhogo katika kibanda kando ya njia. Alitoa telefone yake, akatuonyesha afishi aliyotumiwa na rafiki. Kulikuwa na kijana mwenye koti na tai, maneno makubwa juu ya mafanikio, na chini kabisa bei: formasyo pamoja na kocha kwa majuma 6, dola 120, nusu ilipwe mbele. Mama akauliza neno moja tu: "Mchungaji, nilipe ao niache?"

Hatukumjibu siku ile. Kwake dola 120 ni karibu nusu ya mtaji uliobaki, na minervali ya watoto watatu inatoka katika mtaji huohuo. Tukisema "lipa" na mambo yaharibike, watoto watarudishwa nyumbani. Tukisema "acha" kwa sababu tu hatuelewi mambo ya biashara, huenda tunamfungia mlango. Tulimwomba atupe muda. Tuliomba Mungu, tukauliza wenye ujuzi wa soko, tukasoma. Jibu tulilompa tunaliandika hapa kwa wote, kwa sababu swali lake linaulizwa leo katika parokia nyingi, kutoka Bunia na Butembo hadi Bukavu na Uvira.

Kwa nini makocha wameongezeka

Swali hili halikuja bure. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23, na mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Benki zilifunga milango. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Mfanyabiashara aliyekuwa na akiba benki alijikuta na namba kwenye karatasi, bila noti mkononi. Wengi walibaki na pesa ya telefone tu, wakikatwa asilimia kila mara wanapotaka kuitoa, ao wakavuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta pesa. Upande wa Beni na Ituri, ndugu zetu wamezoea kwa miaka mingi kuhesabu hatari ya njia ndani ya bei ya kila gunia.

Katika mwezi huohuo wa kwanza 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inchi za nje, na baadaye shirika la USAID likafungwa. Mashirika mengi ya huku kwetu yalipunguza kazi. Mtu aliyekuwa na mshahara wa mwezi akaamka hana kitu, naye akaenda sokoni kuuza. Kwa hiyo wauzaji wameongezeka wakati pesa ya wanunuzi imepungua. Saa kama hiyo, yeyote anayesimama na kusema "mimi najua njia ya kutokea" atasikilizwa.

Hatusemi kwamba makocha wote ni waongo. Kuna formasyo nzuri katika inchi yetu. INPP inafundisha watu kazi tangu 1964. Masomo ya GERME ya Shirika la Kazi la Kimataifa yamewasaidia wengi kujua kupanga bei na kuandika hesabu. Wako pia vijana wa makanisa yetu waliosoma vizuri, wanaosaidia wafanyabiashara kwa uaminifu na kupata mkate wao humo. Lakini tukumbuke tofauti moja: daktari na avoka wana chama cha kazi kinachoweza kuwaita na kuwahukumu, lakini jina la "kocha wa biashara" mtu anaweza kujipa mwenyewe leo asubuhi na kuchapisha afishi kabla ya saa sita.

Ugonjwa uko wapi?

Kabla ya kuuliza kama kocha ni mzuri, tuulize biashara inaumwa nini. Hasara ni za aina mbili.

Kuna hasara inayotoka nje. Njia imefungwa, gunia limeporwa, benki haifunguliwi, wateja wamekimbia mtaa, ushuru umeongezeka kwenye kila kizuizi. Hasara hiyo hakuna kocha anayeiondoa. Kocha hawezi kufungua benki. Anayekuambia kwamba biashara yako imeanguka kwa sababu tu "unafikiri kimaskini", wakati wewe ulipoteza mzigo wako wote vitani, anakubebesha hatia ambayo si yako. Sisi wachungaji tukatae maneno hayo hata yakipambwa kwa mistari ya Biblia.

Na kuna hasara inayotoka ndani. Ni kama gunia lenye tundu: kila siku punje chache zinaanguka. Unauza kwa deni na huandiki. Pesa ya kibanda na pesa ya nyumba ziko katika kitambaa kimoja. Unapanga bei kwa kumwangalia jirani, bila kuhesabu usafiri, mbeba mzigo na punguzo la telefone. Ndugu akija na harusi, unachota. Hapo mtu mwenye akili ya kazi anaweza kukusaidia sana.

Tunakumbuka habari ya mjane katika 2 Wafalme 4. Mwenye kumdai alikuwa amekuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakuanza kwa kumfundisha. Alianza kwa kumwuliza ana nini ndani ya nyumba. Kocha asiyeuliza swali hilo, ambaye tayari ana jibu kabla ya kuona kibanda chako, anauza dawa bila kupima mgonjwa.

Wenzetu wa Afrika wamejifunza nini

Swali hili si letu peke yetu. Watafiti wamelipima katika miji inayofanana na yetu, na matokeo yao yanafaa kujulikana makanisani.

Huko Accra, mji mkuu wa Ghana, washonaji wadogo walipewa washauri wa kampuni kubwa ya kimataifa ya hesabu, bila kulipa. Washauri waliwatembelea na kuwaonyesha namna ya kuandika hesabu na kupanga kazi. Washonaji walifuata kwa muda. Lakini faida yao haikuongezeka, na baada ya mwaka hivi wengi walikuwa wamerudia njia yao ya zamani. Mashauri mazuri ya mtu wa biro hayakukaa juu ya meza ya kushonea.

Huko Lomé, Togo, wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa katika makundi 3 kwa kura. Kundi moja lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara. La pili lilifundishwa kuanza jambo wenyewe: kutazama mbele, kutafuta tofauti na jirani, kutokata tamaa kizuizi kinapokuja. La tatu halikupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2017 katika jarida la Science. Faida ya kundi la pili ilizidi ya wale wasiofundishwa kwa asilimia 30. Kundi la masomo ya kawaida lilipata asilimia 11 tu, tofauti ndogo ambayo watafiti hawakuweza kuithibitisha. Basi tusidharau kila mafunzo ya moyo na akili. Yale ya Lomé yalikuwa na mpango na mazoezi, na walimu waliwafuata watu hadi kwenye biashara zao. Hayakuwa mkutano mmoja wa kupiga makofi.

Mfano wa tatu ndio uliotugusa zaidi. Katika mtaa wa Dandora, Nairobi, wanawake vijana wenye biashara ndogo waligawanywa vilevile. Wengine walikwenda darasani. Wengine walikutanishwa kila mmoja na mama mkubwa kwa umri, mwenye biashara iliyosimama katika mtaa uleule. Darasa halikuongeza faida. Waliopewa mama wa kuwaongoza walipata faida zaidi kwa asilimia 20 hivi. Na siri yake haikuwa hotuba. Mama mkubwa alijua nani anauza mzigo kwa bei nafuu, na alimwonyesha mdogo wake mlango. Lakini wawili hao walipoacha kukutana, faida ile nayo ikaanza kupungua.

Tukiweka mifano hii mitatu pamoja, tunaona kwamba bei ya kocha na uzuri wa koti lake havikuwa na nguvu. Chenye nguvu kilikuwa ujuzi wa soko lilelile na kufuatana kwa muda. Watu wa Butembo hawahitaji kufundishwa hilo na watafiti. Kwao vijana wengi wamejua biashara kwa kukaa miaka ndani ya butiki ya mkubwa wao, wakibeba mizigo na kuhesabu, kabla ya kufungua mlango wao wenyewe.

Kosa tulilolifanya

Hatuandiki haya kama watu wasio na doa. Miaka michache iliyopita, sisi wenyewe tulimpa nafasi kanisani mtu aliyejiita kocha. Alikuja na barua nzuri na maneno ya kiroho. Tulimpa dakika 10 baada ya matangazo. Alisema atawafundisha washirika kutengeneza mpango wa biashara, na kwamba watakaomaliza watapata mkopo kutoka wafadhili wa nje. Kila mmoja alilipa dola 30 za kuandikishwa. Watu 17 walilipa. Walipata masomo mawili, kisha telefone yake haikupatikana tena.

Wale 17 hawakumwamini yeye. Waliamini mimbari. Mjane mmoja alituambia hivyo usoni, bila hasira: "Mimi nilitoa kwa sababu ninyi mlikaa nyuma yake." Tulisimama mbele ya kanisa na kuomba msamaha. Wazee na mashemasi walichanga, tukaweza kurudisha nusu kwa kila mtu. Nusu nyingine hatukuweza. Wawili kati yao wamehamia kanisa lingine, na hatuwezi kuwalaumu.

Tulipaswa kukumbuka. Wakubwa wetu wanakumbuka Bindo huko Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walipoweka pesa zao wakiahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi, kisha kila kitu kikaanguka. Leo mambo hayo yanarudi na majina mapya, na mara nyingine yanavaa jina la formasyo. Mtu anakuambia atakuongoza katika biashara, halafu "biashara" yenyewe ni kuleta watu wengine 5 wanaolipa kama wewe. Hiyo si formasyo. Tuikimbie.

Yethro alifanyaje

Katika Kutoka 18 tunamwona mzee Yethro akimtembelea mkwe wake Musa. Tunaweza kusema alikuwa mshauri wa kazi. Tuangalie mwendo wake. Kwanza alikaa siku nzima akitazama Musa anavyohukumu watu toka asubuhi hadi jioni. Pili aliuliza kwa nini anafanya hivyo peke yake. Tatu alitoa shauri moja lililo wazi, la kuchagua watu wa kusaidia na kugawa kazi, na akamwambia alipeleke kwa Mungu. Nne, Musa mwenyewe ndiye aliyeamua na kutenda. Tano, Yethro alirudi kwao. Hakumfunga Musa amtegemee maisha yake yote.

Kutokana na hayo, na kutokana na kosa letu, tunampa kila mshirika maswali 5 ya kuuliza kabla ya kutoa franka yake.

1. Je, tatizo langu ni la ndani ao la nje? Andika kila kinachoingia na kinachotoka kwa siku 30 katika daftari la kawaida. Ukimaliza, mara nyingi utaona tundu wewe mwenyewe. Usipoweza kuandika siku 30, hata kocha wa dola 500 hatakusaidia, kwa sababu naye ataanza na daftari hilo.

2. Malipo yanatoka wapi? Yakitoka katika faida na yasipogusa mtaji, minervali wala chakula, unaweza kujaribu. Ukihitaji kukopa ili ulipe kocha, acha. Bwana wetu katika Luka 14 alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa na kuhesabu gharama.

3. Huyu mtu amefanya biashara gani, wapi, na nani anaweza kushuhudia? Omba majina ya watu 3 aliowasaidia, na uende kwao kwa miguu yako, ukaone vibanda vyao. Picha za telefone si ushahidi.

4. Anaahidi nini? Mtu mkweli anaahidi kazi yake: atakuja mara ngapi, atafundisha nini, mtamaliza lini. Anayeahidi faida, mkopo ao mfadhili anaahidi kitu kisicho mkononi mwake.

5. Naweza kulipa kidogo kidogo? Lipa baada ya kila kukutana, na muandike mapatano yenu kwenye karatasi, hata nusu ukurasa. Anayetaka pesa yote mbele anakuomba ubebe hatari yote peke yako.

Mtu akipita maswali haya, alipwe bila manung'uniko. Mfanyakazi anastahili mshahara wake, na kuna kazi ambayo inaomba mjuzi. Kijana mmoja wa parokia yetu ana atelye ya kushona. Shule moja ilimwomba bei ya nguo za wanafunzi, naye hakujua kuhesabu kitambaa, uzi, mashini na mikono ya wasaidizi. Alimlipa mtu mwenye ujuzi dola 40 kwa vikao 4, akajua bei yake halisi. Aligundua kwamba bei aliyotaka kutoa mwanzoni ingemla mtaji. Dola 40 hizo zilifaa, kwa sababu swali lilikuwa wazi na lilikuwa na mwisho.

Kazi ya kanisa

Sisi viongozi nasi tuna mambo ya kufanya. La kwanza, mimbari isikopeshwe. Mtu wa formasyo akija na barua, wazee wamchunguze kwanza, na matangazo ya malipo yasitolewe ndani ya ibada.

La pili, tutazame hazina tuliyo nayo. Katika kila parokia kuna wamama na wababa waliouza kwa miaka 20 ao 30, waliopoteza kila kitu katika vita moja na kuanza tena na kapu la nyanya. Tunawapa kiti cha mbele siku ya sherehe, lakini hatuwaombi wafundishe. Parokia inaweza kuwapanga wawili wawili, mkubwa na mdogo wa kazi inayofanana, wakutane mara 2 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Mfano wa Dandora umetuonyesha kwamba kuacha kukutana kunarudisha nyuma, kwa hiyo shemasi mmoja apewe kazi ya kufuatilia. Tuwe wakweli pia: muuzaji hatamfungulia siri zake mtu anayeuza bidhaa ileile mlango kwa mlango. Tuwapange watu wa kazi moja lakini wa mitaa tofauti.

La tatu, MUSO zetu. Wengi wenu mnajua masanduku yake matatu: la kijani kwa akiba na mikopo ya wanachama, jekundu kwa msaada wa magonjwa na misiba, na la bluu kwa pesa inayotoka nje. Mkutano wa MUSO uongezewe nusu saa, mwanachama mmoja afungue daftari lake kwa hiari, na wengine wamsaidie kuona. Bila benki, vikundi hivi vimebaki kwa wengi mahali pekee pa kuweka na kukopa. Tuvifanye viwe pia mahali pa kushauriana.

Na yule mama wa maharagwe?

Tulimwambia asilipe kwanza, aandike siku 30. Kisha tulimpeleka kwa mama mmoja mzee wa kanisa aliyeuza nafaka tangu kabla ya vita ya 1996. Walikaa juu ya mikeka na kufungua daftari. Walikuta wateja 14 wenye madeni, wanne kati yao watu wa kanisa letu, mmoja mzee wa kanisa. Walikuta pia kwamba kila gunia alilinunua kwa mtu wa tatu, wakati kulikuwa na mtu wa pili aliyekaa si mbali.

Leo ananunua kwa yule wa pili. Deni ameliwekea kiasi. Njia bado ni mbaya, benki bado ni taabu, na katika mwezi mmoja alipata hasara ileile kwa sababu mzigo ulikwama. Hatuwezi kumwandikia ushuhuda wa utajiri. Lakini watoto wake watatu wako shuleni muhula huu, na anajua kila jioni amepata nini na amepoteza nini.

Yule mzee wa kanisa mwenye deni tulizungumza naye. Amelipa nusu. Tunangoja nusu nyingine, na tunawaomba wasomaji wetu wote wenye deni kwenye kibanda cha mjane ao cha dada katika Bwana walipe juma hili. Kwa wengi wao, msaada huo ungezidi wa kocha yeyote.